Kura za Ronald Ngala: Namna ya Kuisoma Rekodi ya Uchaguzi ya Mbunge wa Kilifi, 1957–1969

Utangulizi

Jina la Ronald Gideon Ngala linafahamika kwa wengi kupitia vibao. Abiria anayeshuka katikati ya jiji la Nairobi hulisoma kwenye Barabara ya Ronald Ngala, naye apitaye Vipingo, kati ya Mombasa na mji wa Kilifi, hulikuta tena kwenye chuo cha utalii kilichopewa jina hilohilo. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, jina hili lina nafasi nyingine ambayo hutajwa kwa nadra. Ni jina la mwandishi wa Nchi na Desturi za Wagiriama, kitabu cha Kiswahili kilichotolewa na Eagle Press mwaka 1949. Miaka minane baada ya kitabu hicho, mwandishi wake, ambaye kwa kazi alikuwa mwalimu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la koloni ya Kenya. Tangu hapo alibaki kuwa mjumbe wa watu wa Pwani, kwa majina mbalimbali ya viti na mabaraza, hadi alipofariki tarehe 25 Desemba 1972.

Katika kipindi hicho cha miaka kumi na mitano, Ngala aliwaomba wapiga kura ridhaa mara nne: mwaka 1957, 1961, 1963 na 1969. Mara zote nne alishinda. Rekodi ya namna hii kwa kawaida huandikwa kwa mstari mmoja, kisha mwanahistoria akaendelea na mambo mengine. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mstari huo unaficha mengi. Kura za chaguzi hizo nne hazikupigwa na watu walewale, hazikuongozwa na kanuni zilezile, wala hazikujibu swali lilelile. Aidha, uamuzi mkubwa kuliko yote katika maisha ya Ngala ya kisiasa, yaani kukivunja chama cha KADU mnamo Novemba 1964, haukuwahi kupelekwa kwa mpiga kura wa Kilifi ili aseme ndiyo au la.

Rekodi na mipaka yake

Huko Marekani, ambako takwimu za uchaguzi hutunzwa kwa uangalifu mkubwa, rekodi ya mwanasiasa mkongwe husomwa kama daftari la mahudhurio. John Dingell wa Michigan, mathalani, aliingia katika Baraza la Wawakilishi Desemba 1955 kupitia uchaguzi mdogo, baada ya baba yake aliyekuwa na kiti hicho kufariki. Alitoka Januari 2015, baada ya miaka 59, na mkewe akachukua nafasi yake. Msomaji wa rekodi hiyo anaweza kuweka ushindi wa mwaka mmoja kando ya ushindi wa mwaka mwingine na kulinganisha. Mipaka ya majimbo ya huko hubadilishwa, na haki ya Wamarekani weusi wa kusini kupiga kura ilipiganiwa hadi miaka ya 1960, lakini kwa mpiga kura wa Michigan taratibu za msingi zilibaki kuwa zilezile: vyama viwili, kura moja kwa kila mtu, kila baada ya miaka miwili.

Rekodi ya Ngala haiwezi kusomwa hivyo. Kati ya uchaguzi wake wa kwanza na wa mwisho, Kenya ilipita kutoka koloni hadi jamhuri, kutoka kura za watu wachache waliopimwa kwa elimu na mali hadi kura ya kila mtu mzima, na kutoka vyama vingi hadi chama kimoja. Yote hayo ndani ya miaka kumi na miwili.

Hata neno lenyewe la kura lina historia ya kumtahadharisha msomaji. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya awali ni bahati nasibu, yaani kile kinachoamua pale ambapo binadamu hataki au hawezi kuamua mwenyewe. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaikumbuka maana hiyo. Mitume walimpata Mathiya kwa kura, na hakuna aliyehesabu wingi wa waliomtaka. Kabla ya miaka ya 1950, mtoto wa shule ya misheni kama ile ya Kaloleni, alikosoma Ngala, angelikutana na kura ya Biblia mapema zaidi kuliko kura ya serikali. Uchaguzi wa 1957 uliipa Pwani nzima maana mpya ya neno lililokwisha kuzoeleka.

Kura ya waliosoma: Machi 1957

Kabla ya mwaka 1957, Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria walikuwa wakiteuliwa na gavana. Eliud Mathu alikuwa wa kwanza, mwaka 1944. Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza ambapo Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao moja kwa moja, na viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Pwani ilipewa kimoja. Mgombea wa kiti hicho alipaswa kukubalika kwa Wagiriama wa Kilifi, Wadigo wa Kwale, Wataita milimani, Wapokomo wa Mto Tana, na wafanyakazi wa kila kabila waliokuwa wakiishi Mombasa.

Hata hivyo, si kila mtu katika jamii hizo aliyehesabiwa. Kwa mujibu wa kanuni zilizotokana na ripoti ya Coutts, Mwafrika alistahili kupiga kura iwapo alikuwa na sifa fulani: kiwango fulani cha elimu, mapato au mali ya thamani fulani, utumishi wa muda mrefu serikalini au jeshini, umri mkubwa wenye heshima, na kadhalika. Mwenye sifa moja alikuwa na kura moja, na mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na kura mbili au hata tatu. Kwa maneno mengine, mwalimu mwenye cheti na mshahara alikuwa na uzito kuliko mkulima wa minazi wa Ganze ambaye huenda hakuwa na kura yoyote.

Hapa ndipo kitabu cha mwaka 1949 kinapopata maana ya kisiasa. Ngala alikuwa amepitia Shule ya Alliance na Chuo cha Makerere, akafundisha, na akawa mwalimu mkuu wa Shule ya Buxton mjini Mombasa. Wapiga kura wa 1957 walikuwa kwa kiasi kikubwa watu wa tabaka lake: walimu, makarani, wauguzi, wazee wa mabaraza, askari wastaafu. Hao ndio waliosoma vitabu vya Kiswahili vya wakati huo, na wengi wao walikuwa wamepita mikononi mwa walimu waliofahamiana na Ngala. Si lazima tudai kwamba kitabu kilimpa kura. Linaloweza kusemwa bila shaka ni kwamba jamii ya wasomaji wa Kiswahili na jamii ya wapiga kura wa Kiafrika zilikuwa, kwa mwaka huo mmoja, karibu jamii moja. Watafiti wa fasihi ya Kiswahili ya miaka ya 1940 na 1950 wamezoea kuuliza ni nani aliyesoma vitabu vile. Orodha ya wapiga kura wa 1957, kama ingechunguzwa, ingeweza kuwa sehemu ya jibu.

Matokeo ya nchi nzima yaliwatikisa wakoloni. Wajumbe wengi walioteuliwa walishindwa, akiwemo Mathu mwenyewe, aliyeshindwa na Bernard Mate. Tom Mboya alichukua Nairobi, Oginga Odinga Nyanza ya Kati, Masinde Muliro Nyanza Kaskazini, naye Daniel arap Moi akabakia na kiti cha Bonde la Ufa. Ngala akaichukua Pwani. Viti vya Waafrika vilipoongezwa kwa sita mwaka uliofuata, kiti cha Mombasa kilikwenda kwa Francis Khamisi, ambaye wanafunzi wa uandishi wa habari watamkumbuka kama mhariri wa kwanza wa gazeti la Baraza. Kwa hiyo, kati ya 1958 na 1961, sauti za Waafrika wa Pwani katika baraza hilo zilikuwa za mwandishi wa kitabu cha Kiswahili na mhariri wa gazeti la Kiswahili. Ni ajabu kwamba jambo hili halijaandikiwa zaidi.

Kushinda Kilifi, kushindwa Kenya: 1961

Mwaka 1960 siasa za Waafrika ziligawanyika. KANU ilipoundwa huko Kiambu mwezi Mei, Ngala alichaguliwa kuwa mweka hazina wake akiwa nje ya nchi. Alikataa wadhifa huo. Mwezi Juni, huko Ngong, yeye, Muliro, Moi na wengine waliunganisha vyama vya makabila madogo kuwa KADU, na Ngala akawa rais wake. Hofu iliyowaunganisha ilikuwa moja: kwamba uhuru utakapokuja, ardhi na madaraka vitashikwa na jamii kubwa zilizokuwa nguzo ya KANU.

Katika uchaguzi wa Februari 1961, haki ya kupiga kura ilipanuliwa. Sasa ilitosha mtu kujua kusoma au kuandika lugha yake, au kuwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini, au kuwa na wadhifa au kipato kidogo cha pauni 75 kwa mwaka. Ngala alishinda Kilifi. Chama chake, hata hivyo, kilipata viti 11 dhidi ya 19 vya KANU, na KANU ilikuwa na takriban theluthi mbili ya kura zote.

Lililofuata ni mojawapo ya mambo yanayomfanya Ngala aendelee kubishaniwa. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe huru. KADU, baada ya siku za mazungumzo, ilikubali kuiunda kwa kushirikiana na chama cha Michael Blundell, na kwa ahadi ya Gavana Renison kwamba Kenyatta angejengewa nyumba Kiambu. Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Kwa wafuasi wa KANU huu ulikuwa usaliti. Kwa wapiga kura wa Kilifi ulikuwa ushahidi kwamba mtu wao, kutoka jamii iliyodharauliwa kwa muda mrefu, ameketi penye kiti cha mbele. Rekodi ya uchaguzi haitoi hukumu katika mgogoro huo. Inachoonyesha ni kitu chembamba zaidi: mtu aliyeshinda nyumbani na kushindwa nchini alipewa madaraka na gavana kwa sababu aliyeshinda nchini aliyakataa. Tangu mwanzo, basi, cheo cha juu zaidi cha Ngala hakikutoka moja kwa moja katika kura.

Neno majimbo na uchaguzi wa 1963

Ikiwa kuna neno moja la Kiswahili ambalo Ngala aliliingiza katika siasa za Kenya likabaki, ni majimbo. Jimbo lilikuwa neno la kawaida, lenye maana ya sehemu ya nchi yenye mtawala wake. Watanzania hadi leo hulitumia kwa eneo la uchaguzi la mbunge, bila mtu kushtuka. Nchini Kenya, kuanzia mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1962, neno hili lilibeba mpango mzima: mabaraza ya mikoa yenye nguvu juu ya ardhi, polisi na elimu, na Seneti ya kuyalinda. KADU iliupigania, na katiba ya uhuru ikaupa sehemu kubwa ya uliyotaka.

Kwa Kilifi swali hili lilikuwa na sura mbili, na mara nyingi vitabu vya kitaifa huiona moja tu. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ambamo miji ya Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi yenyewe imo, ulikuwa kisheria chini ya Sultani wa Zanzibar. Kulikuwa na vuguvugu la mwambao lililodai ukanda huo ujitawale, au urudi kwa Sultani, kabla ya Kenya kupata uhuru. Ngala na viongozi wengi wa Mijikenda walilipinga. Kwao, mwambao ulimaanisha kwamba Mgiriama wa bara angekuwa mgeni kwenye ardhi ya pwani anayoilima, na mara nyingi asiyekuwa na hati yake. Kwa hiyo Ngala alidai mamlaka ya Pwani dhidi ya Nairobi, na wakati huohuo akaukataa ukanda usijitenge na Pwani. Majimbo yalikuwa jibu lake kwa pande zote mbili. Tume ya Robertson ilipendekeza mwaka 1961 kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na mapatano ya Oktoba 1963 huko London yakalimaliza suala hilo katika karatasi. Swali la hati za ardhi halikumalizika, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuketi katika baraza la chifu wilayani humo.

Uchaguzi wa Mei 1963 ndio wa kwanza ambapo kila mtu mzima, mwanamume kwa mwanamke, msomi kwa asiyesoma, alipiga kura. Mkulima wa Ganze na mwalimu wa Kaloleni sasa walikuwa sawa. Kati ya chaguzi zote nne, huu ndio unaostahili kuitwa kipimo cha Ngala mbele ya watu wake, kwa sababu masharti matatu yalikutana kwa mara ya kwanza na ya mwisho: kila mtu mzima alikuwa na haki, vyama viwili vilishindana, na jambo lililobishaniwa lilieleweka wazi. Ngala alishinda Kilifi Kusini. Baraza la Mkoa wa Pwani likawa mikononi mwa KADU, naye akawa rais wa mkoa, kama Moi alivyokuwa rais wa Bonde la Ufa. Katika nchi nzima KANU ilipata viti 83 katika Baraza la Wawakilishi, KADU 33, na chama cha APP cha Paul Ngei viti 8. Kwa mara ya pili, Ngala alikuwa mshindi aliyeongoza kundi lililoshindwa.

Tarehe 10 Novemba 1964

Mwaka mmoja na nusu baada ya ushindi huo, Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba KADU imevunjwa na wabunge wake wanajiunga na KANU. Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka kabla yake. Serikali ilikuwa na hamu ya kuigeuza nchi kuwa jamhuri na kuyaondoa majimbo, mikoa haikuwa ikipewa fedha wala madaraka ambayo katiba iliiahidi, na hesabu ya kura bungeni ilikuwa ikipungua kila wiki. Desemba 12 mwaka huo Kenya ikawa jamhuri. Mabaraza ya mikoa yalinyang'anywa nguvu yakafifia, na cheo cha rais wa mkoa kikatoweka.

Je, mpiga kura wa Kilifi Kusini aliulizwa? Hakuulizwa. Sheria ya wakati huo haikumtaka mbunge aliyehama chama arudi kwa waliomchagua. Wabunge wa KADU walivuka ukumbi wakaketi upande wa pili wakiwa na kura zilezile za Mei 1963, kura zilizopigwa kupinga upande huo.

Tukio la miezi kumi na saba baadaye linaonyesha kwamba mambo yangeweza kuwa tofauti. Aprili 1966 Odinga alipojiuzulu na kundi lake kuingia KPU, bunge lilipitisha haraka mabadiliko ya katiba yaliyomlazimu mbunge anayehama chama aombe kura upya. Ndipo ukafanyika ule uchaguzi mdogo wa Juni 1966 wa viti 29, ambapo KPU ilirejesha 9 pekee. Kanuni iliyotumika kwa waliotoka KANU mwaka 1966 haikuwapo kwa walioingia KANU mwaka 1964. Msomaji anaweza kuupima mwenyewe uadilifu wa jambo hilo. Kwa rekodi ya Ngala, matokeo yake ni haya: ukurasa unaohusu uamuzi wake mzito kuliko wote ni mtupu. Hapana namba ya kuunga mkono, hapana namba ya kupinga.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba hakuwa na njia nyingine, kwamba kuendelea na upinzani kungewaletea watu wa Pwani njaa ya maendeleo na pengine umwagaji wa damu. Hoja hiyo ina uzito, na yaliyowapata KPU baadaye yanaitilia nguvu. Wapo pia wanaosema aliuza majimbo kwa uwaziri. Tarehe hazilingani vizuri na dai hilo, kwa kuwa hakuingia katika baraza la mawaziri hadi 1966, alipopewa wizara ya ushirika na huduma za jamii, muda mfupi baada ya mkutano wa KANU wa Limuru kumchagua mmoja wa makamu wanane wa rais wa chama. Lakini hata huko Limuru waliopiga kura walikuwa wajumbe wa chama. Mpiga kura wa kawaida wa Kilifi alisubiri zaidi ya miaka mitano tangu Novemba 1964 kabla ya kuliona tena sanduku la kura la uchaguzi mkuu.

Mchujo wa Desemba 1969

Aliposubiri kwa muda huo wote, alichokutana nacho kilikuwa kitu kingine. KPU ilipigwa marufuku mwishoni mwa Oktoba 1969, kufuatia vurugu za Kisumu. Uchaguzi wa tarehe 6 Desemba ulikuwa wa mchujo ndani ya KANU, na kwa kuwa hapakuwa na chama kingine, washindi wa mchujo walitangazwa kuwa wabunge. Neno mchujo linatokana na kitenzi kuchuja, kama mpishi wa Pwani anavyolichuja tui kwa kifumbu. Kwa kawaida tui likishachujwa, huwa kuna chakula cha kupika. Mwaka 1969 kuchuja ndiko kulikuwa mapishi yenyewe.

Si haki, hata hivyo, kuudharau uchaguzi huo. Wapiga kura, kwa kuwa hawakuweza kuchagua chama, walichagua watu, na waliwachuja bila huruma. Zaidi ya wabunge sabini walipoteza viti vyao, wakiwemo mawaziri watano. Ngala alirudi. Katika mwaka ambao kuwa waziri hakukuwa kinga, Kilifi Kusini ilimrudisha mtu aliyeivunja KADU, naye akapewa wizara ya umeme na mawasiliano.

Je, ushindi huu ni msamaha wa mwaka 1964? Ndivyo unavyosomwa mara nyingi, na usomaji huo una udhaifu. Mwaka 1969 hapakuwa na mgombea aliyeweza kusimama Kilifi akasema kwa jina la chama, "Mimi nataka majimbo." Swali lilikuwa limeondolewa kwenye karatasi kabla ya mpiga kura kufika kituoni. Alichoweza kupima ni mtu: je, huyu bado ni wetu, je, anafika Nairobi na kusikilizwa? Kwa swali hilo jibu lilikuwa ndiyo. Kulitumia jibu hilo kwa swali jingine ni kosa la kisomi, la aina ileile anayoifanya mhakiki anapochukua jibu la mhusika katika onyesho moja na kulibandika katika onyesho jingine.

Tarehe 12 Desemba 1972 Ngala alipata ajali ya gari karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Majeraha yake ndiyo yaliyomwua siku ya Krismasi. Mengi yamesemwa juu ya ajali hiyo, na hayana nafasi hapa. Kwa rekodi inayojadiliwa, kifo hicho kilimaanisha kwamba hatujui angepimwaje mwaka 1974, katika uchaguzi ambao kwa mara nyingine uliwaangusha wengi.

Jina lililobaki, na eneo lililohama

Jina la Ngala lilirejea kwenye karatasi za kura kupitia mwanawe, Noah Katana Ngala, aliyekuwa mbunge wa Ganze na waziri katika serikali ya Moi. Machi 2002 alikuwa mmoja wa makamu wanne wa mwenyekiti wa KANU. Desemba mwaka huohuo, wimbi la NARC lilipoikumba nchi, alishindwa Ganze. Wapiga kura waliomrithisha mwana jina la baba ndio waliomnyima kiti, na hapa Kilifi ilikuwa kali kuliko Michigan.

Nalo neno majimbo lilipitia safari yake. Baada ya 1964 liligeuka tusi la kisiasa, likimaanisha ukabila na kufukuzana. Lilipofufuliwa katika miaka ya 1990 na tena kabla ya uchaguzi wa 2007, hofu ilifufuka nalo. Katiba ya 2010 ilipogawa tena madaraka, haikulitumia. Ilichukua ugatuzi na kaunti, maneno ambayo hayakuwa na deni la zamani. Mnamo 2013 Kilifi ilimchagua gavana wake wa kwanza, Amason Kingi, akasimamia bajeti na afya na barabara za kaunti, mambo ambayo rais wa Mkoa wa Pwani wa 1963 aliahidiwa na hakuyapata. Wanaisimu jamii wanaotafuta mfano wa neno lililoachwa huku jambo lake likirudi kwa jina jingine hawana haja ya kwenda mbali.

Kwa mtafiti atakayetaka kuzifuatilia namba za Ngala kituo kwa kituo, tahadhari moja ya mwisho inahitajika. Jina la Kilifi Kusini limo tena katika orodha ya maeneobunge tangu uchaguzi wa 2013, pamoja na Kilifi Kaskazini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Lakini hilo la sasa limetokana na kugawanywa kwa eneobunge la Bahari. Kaloleni, alikosomea Ngala, ni eneobunge linalojitegemea. Namba za 1963 na namba za 2013 zina jina moja juu yake, na watu wanaohesabiwa chini yake wanaishi katika mipaka tofauti.